Timu ya kupima sukari kwenye nyumba za wazee hapa Mombasa: nyota 4 kati ya 5

Nyota nne. Ile ya tano ningewapa lau si ile asubuhi waliyowaweka wazee na njaa, nitafika huko.

Naandika hii kwa yeyote mwenye mzazi au mtu wake mzima anayelelewa kwenye nyumba ya wazee hapa Mombasa, kisiwani ama ng'ambo, mana huduma hii wengi hawajui kama ipo na wanaojua wanadhani ni zile kambi za bure za kudungwa kidole, mtu anaambiwa sukari yako nane mama punguza chai, kwisha. Hii siyo hiyo. Hii ni timu ya watu wanne, tabibu, masista wawili na kijana wa maabara, wanakuja pale pale wazee walipo, wanampima kila mtu mmoja mmoja, anayejulikana ana sukari na asiyejulikana, halafu mwisho wanaiandikia nyumba ripoti inayosema katika wazee wenu wote wenye kisukari ni wangapi hasa na hesabu yenyewe imepatikana vipi. Jina la nyumba silitaji wala la timu, kwa sababu nyumba za wazee mjini kwetu ni za kuhesabika, ukitaja moja ushawataja waliomo ndani na maradhi yao.

Mimi pale nina mamangu mkubwa. Hakujaaliwa watoto, mumewe alitangulia zamani, na sisi tuliobaki hakuna mwenye nyumba isiyo na ngazi. Maneno ya mtaani ya "mumemtupa" tumeyasikia, tunaenda kumuona kila wiki, basi.

Sasa jambo lilianzaje. Nyumba ina wazee thelathini na kitu, na ukifungua mafaili yao walioandikwa wana kisukari ni wanne tu. Wanne! Kwa watu ambao wengi wao wamepita miaka sabini na tano, kwa mji huu wetu ambao hakuna asubuhi bila mahamri na chai ya maziwa iliyokolea sukari, na jioni kaimati, na mgeni akija na halua. Msimamizi mwenyewe mpya, dada mmoja mwerevu sana, ndo alisema hii hesabu haiwezi kuwa kweli, si kwamba wana afya sana bali hakuna aliyewapima. Faili la mamangu mkubwa kwa mfano limeandikwa presha, magoti na macho. Sukari hapakuandikwa hana wala anayo, nafasi iko wazi tangu siku aliyoingia.

Na hapa ndo nataka watu waelewe, mana mimi mwenyewe nilipata kuelewa kwa kumsikiliza yule tabibu akiwaeleza wahudumu. Sukari kwa mzee haiji na zile dalili tulizofundishwa, kiu na kukojoa sana na kukonda. Mzee kiu chake kishapungua kwa umri, hata akikaukiwa hasikii. Mkojo nao, figo za mtu mzima zachelewa kuachia sukari ipite, kwa hivo sukari yaweza kuwa juu kwenye damu na mkojo usioneshe kitu. Na yule anayeamka mara nne usiku kwenda chooni kila mtu anasema ni uzee, ama kama ni mwanamume ni tezi dume. Anayekonda anasemwa ameacha kula. Anayesinzia mchana na kuchanganyikiwa maneno anasemwa akili imeanza kuondoka. Kila dalili ishapewa jina jingine kabla sukari haijaulizwa.

Pale kuna mzee mmoja alifanya kazi bandarini miaka na miaka, mtu mpole, kila nikipita aniambia "karibu mwanangu keti" na kiti chenyewe hakuna. Kwa muda mrefu alikua na kidonda kidogo kwenye kidole gumba cha mguu, kinafungwa bandeji, kinafunguliwa, hakiponi hakizidi. Wahudumu walikua wakikipaka dawa kwa bidii kabisa sitawalaumu. Hakuna aliyewahi kumpima sukari mana hakuna faili lililosema ana sukari. Majibu yake yalikuja HbA1c, ile tunayoiita sukari ya miezi mitatu, iko zaidi ya asilimia 9 na kisukari chaanzia 6.5, na ya kufunga, yaani ya asubuhi kabla hajala, iko zaidi ya 11 na kisukari chaanzia 7. Sasa huyo kwenye hesabu ya mafaili alikua mzima.

Tabibu akatupa mfano wa Uingereza nikaona maana yake. Kuna utafiti uliofanywa kwenye nyumba za wazee za Birmingham ukachapishwa 2001, wakahesabu kwanza wazee waliojulikana wana kisukari, wakapata asilimia 12. Halafu wakawachukua wale wasiojulikana wakawapima kwa kuwanywesha glukosi na kuangalia baada ya masaa mawili, si wote waliokubali ama kuweza, lakini kwa waliopimwa walipopiga hesabu ya wote ikafika karibu asilimia 27. Yaani zaidi ya mara mbili ya ile ya mafaili, na hiyo ni Uingereza ambako kila mzee ana daktari wake wa karibu. Marekani nao hesabu yao ya 2004 ya nyumba za kulelea wagonjwa na wazee ilitoa asilimia 24.6, na hiyo ilitoka kwenye rekodi, hawakumtoa mtu damu. Ndo mana ukisikia mtu akisema "wazee wenye sukari ni asilimia fulani" swali la kwanza ni mumehesabu mafaili ama mumehesabu damu.

Na sisi Kenya? Ule uchunguzi mkubwa wa taifa wa maradhi yasiyoambukiza, wa 2015, ulipima watu wa miaka 18 hadi 69 majumbani kwao, ukapata wenye kisukari ni kama wawili katika kila mia. Sikatai hiyo hesabu, kwa kazi iliyokusudiwa ni nzuri. Lakini tazama wenyewe, mwenye miaka 70 hayumo, na anayekaa nyumba ya wazee hayumo mara mbili, kwa umri na kwa makazi. Serikali hiyo hiyo ukifika 70 ndo yaanza kukuandikia elfu mbili za Inua Jamii kila mwezi, kwa hivo kwamba wapo yajua. Mamangu mkubwa na wenzake hawajahesabiwa na mtu. Hilo liliniuma, na bado laniuma, kwa sababu mtu asiyehesabiwa hanunuliwi dawa, hapangiwi sista, na hapikiwi chakula chake.

Sasa siku yenyewe. Walifika na maboksi yao, wakaomba chumba kimoja chenye dirisha na feni, na wale wasioweza kutoka kitandani wakafuatwa kitandani. Kila mzee ana fomu yake, umri, dawa zote anazomeza (walitaka kuziona dawa zenyewe, mfuko umwagwe mezani, hawakutaka kuambiwa tu), ashawahi kuambiwa ana sukari na nani alimwambia, uzito, vidonda, kama anakula mwenyewe ama analishwa. Na ruhusa. Hili niliwapendea sana. Mwenye akili zake anaulizwa mwenyewe na anaweka sahihi ama dole gumba, hata kama mwanawe amesimama pale. Asiyejimudu kwa kumbukumbu anawekewa na mtu wake, na hata hapo mzee akivuta mkono wanamuacha. Nilimuona bibi mmoja ambaye bintiye alishaandika sahihi, sista akamshika mkono akamwambia "bibi nikutoe damu kidogo?" bibi akasema la, sista akamwambia haya bibi ahsante, akafunga kamba yake akaondoka. Hakumbembeleza mara ya pili. Jina la bibi likaandikwa kwenye orodha ya waliokataa, na hiyo orodha ina kazi yake, nitaeleza.

Mamangu mkubwa alipofikiwa sista akaanza "shikamoo bibi", "marahaba mwanangu, damu wataka ya nini?" Akamueleza kwa utulivu kabisa, bibi twataka kujua sukari yako, na mishipa yako imejificha kwa hivo nitauweka mkono wako kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Na kweli akaleta beseni dogo, akauweka mkono pale huku anausugua taratibu, akaupangusa, mshipa ukatoka, akachoma mara moja tu. Mamangu mkubwa ana ngozi ya kuchanika hata kwa bandeji, mahali pengine wamemuacha na mkono umevilia wiki mbili. Hapa alifungiwa pamba kwa kitambaa laini, hakuna plasta ya gundi. Vitu vidogo hivi ndo vinanifanya nimuamini mtu.

Damu yaingia chupa mbili, yenye kifuniko cha kijivu na yenye cha zambarau. Nikamuuliza kijana wa maabara tofauti ni nini naye hakunifanya mjinga, akanieleza. Damu hata ikishatoka mwilini chembe zake zinaendelea kula sukari, ukiiacha hivi hivi kila saa yapungua kama asilimia 5 hadi 7, na kwa joto kasi yazidi. Kwa hivo mzee aliyetolewa damu yenye sukari 7.4, chupa ikae kwenye begi, begi likae kwenye matatu, foleni ya daraja la Nyali, likifika maabara sukari ishafika 6 na kitu, mzee anaandikwa hana kisukari. Ile ya kijivu ina dawa ya kuzuia hilo, lakini dawa yenyewe haishiki papo hapo ndo wakaja na boksi la barafu pia, na pikipiki ilikua inasubiri nje ikapeleka mafungu mawili, hawakungoja wamalize wote. Ile ya zambarau ni ya HbA1c, hiyo ni mvumilivu.

Nalinganisha na ile kambi iliyokuja mwaka uliotangulia, siitaji ni ya nani. Walikuja saa nne asubuhi, wazee washakunywa chai na mahamri ya mbaazi, wengine washakula embe na vidole bado vyanata, hakuna aliyenawishwa mikono, wakadungwa vidole kwa mashine ya mkononi, nambari ikaandikwa kwenye kikaratasi na kikaratasi akapewa mzee. Kichupa cha stripi, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu, kilikaa wazi juu ya meza muda wote, na unyevu wa hapa kwetu wajulikana, chumvi yenyewe ukiiacha wazi yaloa, sasa stripi ambayo imeandikwa kabisa ifungwe kila ukitoa moja? Mashine za mkononi si mbaya, mwenye sukari anazihitaji kila siku kujiangalia. Lakini kiwango cha kimataifa chenyewe, ISO 15197 ya 2013, chakubali mashine ikosee hadi asilimia 15 juu ama chini. Yaani sukari ya kweli ikiwa 7, mashine ikisoma 6 iko sawa na ikisoma 8 iko sawa. Na 7 ndo mpaka wenyewe wa kisukari kwa damu ya kufunga. Ukitaka kuhesabu nani anao na nani hana, huwezi kutegemea kifaa ambacho pale pale mpakani chayumba hivo. Ile kambi ilisema wazee kumi na kitu wana sukari, watu wakaingiwa na hofu, wengine wakakatazwa hata ndizi mbivu, na nusu ya hao walipopimwa na timu hii hawana kitu.

Jambo jingine lililonionesha hawa wanaijua pwani. HbA1c yapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu kwa kama miezi miwili mitatu, na Shirika la Afya Duniani lilikubali itumike kutambua kisukari tangu 2011, kuanzia asilimia 6.5. Uzuri wake mzee hahitaji kufunga. Lakini yategemea chembe nyekundu ziishi umri wake wa kawaida, na sisi watu wa pwani tuna mambo ya damu yetu, wapo wenye selimundu (sickle cell) ama wenye asili yake bila kuumwa, upungufu wa damu ndo usiseme, na wazee wenye figo zilizochoka. Kwa watu kama hao HbA1c yaweza kudanganya, mara yashuka mara yapanda. Ndo mana walichukua vipimo vyote viwili na wakapima wingi wa damu pia, na pale vipimo viwili vilipogombana hawakuchagua kimoja wakaondoka, walirudi kumtoa yule mzee damu tena siku nyingine. Hata vilipokubaliana, kama mzee hana dalili yoyote hawakumpa jina la kisukari kwa damu ya siku moja, walirudia. Na mwenye homa ama kifua siku ile aliahirishwa, mana maradhi yenyewe yapandisha sukari, na wenye kumeza dawa za steroidi, ambazo nazo zapandisha sukari, waliandikwa pembeni.

Sasa lile la njaa. Tuliambiwa watafika saa moja, wazee wasile tangu isha, maji tu, mana kipimo cha kufunga chataka masaa nane tumbo tupu. Walifika karibu saa tatu. Sababu wanayo, gari liliharibika Changamwe, lakini mzee wa miaka themanini masaa kumi na tatu bila chakula si mchezo, wengine walianza kutetemeka, na jikoni harufu ya mahamri yaja mpaka barazani. Baya zaidi ni kwamba ujumbe walioutuma usiku ulisema "wazee wote" wafunge. Wote vipi? Wale wanne wanaojulikana wana kisukari kipimo cha kuwatambua wakihitajia nini, washatambuliwa! Mmoja wao anadungwa insulini kila asubuhi, mtu kama huyo ukimfungisha na ukamdunga sukari yaweza kuanguka akapotea mbele ya macho yenu. Sista wa zamu wa nyumba, Mungu ampe maisha, ndo alisimama akasema huyu anakula sasa hivi, akampa uji wake na yai. Timu walipofika waliomba msamaha mbele ya wote na tabibu akauandika upya ule ujumbe pale pale, nikauona, sasa wasema wanaojulikana wale na wameze dawa kama kawaida. Nimefurahi wamerekebisha. Lakini hili halikua la kukosewa, ndo nyota yangu ya tano ilipobaki.

Ripoti ilichukua kama wiki tatu. Na hapa ndo kazi yao yenyewe ilipo. Nitaeleza kwa mfano wa kubuni tu, siyo hesabu za nyumba yetu. Tuseme nyumba ina wazee 40, watano wanajulikana wana sukari. Ukisimama hapo wasema asilimia 12.5. Wamebaki 35, wakakubali kupimwa 28, wakapatikana wanne wapya. Sasa ukijumlisha tisa ukagawa kwa 40 wapata 22.5, lakini hiyo yachukulia kwamba wale saba waliokataa ama walioshindwa wote ni wazima, na nani aliyekuambia? Katika waliopimwa alipatikana mmoja kwa kila saba, kwa hivo katika wale saba huenda yuko mmoja pia, basi wawe kumi, asilimia 25. Ndo mana ile orodha ya waliokataa iliwekwa kwa heshima vile, hao pia wanahesabiwa kama wapo, ingawa hawajulikani. Ripoti yetu ilitoa hesabu zote, ya chini na ya kukadiria, na ikasema wazi kwamba hata ya kukadiria huenda iko chini ya ukweli, mana kuna wazee ambao sukari yao ya asubuhi iko sawa lakini wakila yapanda sana, na hao ni kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kukaa masaa mawili ndo kingewaonesha, na kwa wazee dhaifu waliona ni kuwatesa, wengi wangetapika. Naunga mkono.

Pia waliandika kwamba nyumba yetu ni ndogo, mzee mmoja tu akihama ama akifa asilimia yasogea, kwa hivo hesabu hii ni ya nyumba hii isije ikachukuliwa kuwa ndo ya wazee wa Mombasa nzima. Nimeona watu wengi wakipima watu ishirini halafu waitangazia dunia.

Na jambo nililokua sijalitegemea. Kati ya wale wanne wanaojulikana kuna bibi mmoja, mtu wa Lamu kwa asili, sauti yake ukiisikia anasoma Kurani alfajiri wasimama. Huyu ukimdunga kidole sukari iko vizuri kabisa, kwa kambi ile ya bure aliambiwa umepona. HbA1c yake ikaja 5.8. Tabibu hakufurahi, alikunja uso. Akaumwaga mfuko wa dawa akakuta glibenklamaidi, dawa ya zamani inayosukuma kongosho na inayokaa mwilini muda mrefu, na bibi siku hizi chakula chake ni vijiko vitano. Akawauliza wahudumu usiku huwa vipi, wakasema anatoka jasho, shuka zaloa, aamka amechanganyikiwa, walidhani ni joto. Kumbe sukari yaanguka usiku. Kwa mzee dhaifu vile sukari kushuka ni hatari kuliko kupanda kidogo, kuanguka, kuvunjika nyonga, kupoteza fahamu, na lengo lake si sawa na la kijana, HbA1c ya 8 kwa mtu kama huyo yatosha kabisa. Aliandikiwa barua ya hospitali ya Makadara, kliniki ya sukari, ile dawa ikasimamishwa. Na katika hesabu bado anahesabiwa ana kisukari, hata kama nambari yake ni ya mtu asiye na kisukari, mana dawa ndo iliyoishusha.

Yule mzee wa bandarini naye alipelekwa, mguu ukaangaliwa kwa uzi ule wa plastiki wa kupimia hisia, nyayo zake hazisikii kitu. Sasa kidonda chake kinasafishwa kwa utaratibu mwingine na ana viatu vipana, na amepewa dawa. Mamangu mkubwa HbA1c yake imekuja 6.1, hajafika kwenye kisukari lakini yuko njiani, hakupewa dawa yoyote, ameambiwa atembee barazani na apimwe tena mwakani. Nilishukuru kwamba hawakumkatia chai yake. Tabibu alisema waziwazi mtu wa miaka themanini na mbili raha yake musimuondolee kwa 6.1.

Jikoni pamebadilika kiasi. Birika sasa ni mbili, chai ya rangi isiyotiwa sukari na ya maziwa yenye sukari kidogo, mwenye kutaka anaongezewa kwa kijiko wala si kuchemshiwa nayo tangu mwanzo. Mbaazi zimebaki, samaki amebaki, wali umepunguzwa ukaongezwa mchicha. Hakuna aliyepikiwa chakula cha adhabu.

Kasoro ndogo mbili. Majibu ya wengine yalisomwa mezani wazee wenzao wakisikia, maradhi ya mtu ni siri yake, wangeita mmoja mmoja. Na ile ripoti yote ni ya Kiingereza, wahudumu wengi pale hawakuipata vizuri mpaka msimamizi alipokaa nao jioni akawatafsiria ukurasa baada ya ukurasa, timu ya pwani ingeandika hata kurasa mbili za Kiswahili.

Bei, familia tulilipa elfu mbili unusu kila mzee, nyumba ikawalipia wasio na watu. Ukilinganisha na kwenda maabara mwenyewe, teksi, kiti cha magurudumu na foleni, mimi naona ni halali yao. Wakaja tena mara ya pili kurudia vipimo bila kuongeza kitu.

Kama nyumba ya mzee wako yataka kuita timu ya aina hii, hii ama nyingine, waulizeni kabla hawajafika: damu mutaipima maabara ama kwa mashine ya mkononi, itasafirishwaje na baada ya muda gani, mutarudia kwa atakayepatikana, waliokataa mutawahesabu vipi, na atakayepatikana mutampeleka wapi. Wakianza kuzunguka kwenye hilo la mwisho, tafuteni wengine. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, wenye kudungwa insulini na wanaomeza dawa za sukari wale kama kawaida yao, mwambieni sista wa zamu kwa mdomo na mubandike karatasi mlangoni mwa jiko.